IST, Vitz au Passo kwa barabara zetu: lipi la kununua, na marekebisho yapi yana maana baada ya kununua

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Mdogo wangu amepata kazi mjini, anaishi Goba kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, na ana shilingi milioni 11 za kununulia gari lake la kwanza. Aliniletea picha tatu kwenye simu: Toyota IST ya rangi ya fedha iliyonyanyuliwa mpaka mtu anaweza kuchungulia chini yake bila kuinama, Vitz nyekundu yenye rimu za inchi 17, na Passo ambayo kwa macho haikuguswa na mtu tangu ishuke melini. Moyo wake ulikuwa kwenye ile IST. Mimi nikamwambia kwamba kati ya hizo tatu, inayostahili nauli ya kwenda kuitazama ni Passo, na kama IST ndiyo anayoipenda, basi atafute ambayo mwenyewe hakuwapa mafundi nafasi ya kujifunzia ubunifu wao. Tulibishana hadi saa sita usiku, na kwa kuwa maswali yake ni yale yale ambayo wengi wanayauliza humu kila wiki, nimeona niyaandike kwa utulivu.

Sina gereji wala yadi. Nimemiliki Vitz ya mwaka 2001 yenye injini ndogo, na sasa nina mwaka wa saba na IST ya mwaka 2004, na makosa mengi nitakayoyataja niliyalipia mwenyewe.

Kinachokwambia unanunua nini ni namba ya chesisi, kwa sababu jina lililobandikwa nyuma ya gari linaficha mengi. IST ya kwanza ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007: ikianza na NCP60 ina injini ya 2NZ-FE yenye cc 1298, ikianza na NCP61 ina 1NZ-FE yenye cc 1497, na NCP65 ni ile inayovuta magurudumu yote manne. IST mpya, iliyoingia sokoni Japani mwaka 2007, ni NCP110 yenye 1NZ-FE ileile lakini giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, pamoja na ZSP110 yenye injini ya lita 1.8. Upande wa Vitz, SCP10 ni lita moja yenye silinda nne, SCP90 ni lita 1.3, na KSP90 ni lita moja yenye silinda tatu. Injini hiyo ya silinda tatu, 1KR-FE ya cc 996, ndiyo iliyomo pia kwenye Passo KGC10, kwa hiyo anayeisifia Vitz ya KSP90 huku akiidharau Passo anabishana na injini ileile moja.

Silinda tatu hutetemeka kidogo gari likiwa limesimama, na huo si ugonjwa. Kwa mtu anayekwenda kazini peke yake na kurudi, inatosha na inaheshimu mafuta. Anayepanda mlima akiwa na watu wanne na mizigo, huku kiyoyozi kimewashwa, atatamani cc 1300 au 1500. Injini za NZ zinatumia cheni badala ya mkanda, kwa hiyo hakuna tarehe ya kubadili mkanda wa taiming, lakini cheni hiyo inaishi kwa oili safi, na aliyekuwa akibadili oili kwa kukumbushwa na taa nyekundu amekuachia deni.

Nenda ukalitazame gari asubuhi kabla halijawashwa, na ushike boneti kwa mkono. Ukikuta lina joto, jua kuna kitu kimefichwa. Vuta kijiti cha oili kwanza: 1NZ-FE inachukua takriban lita 3.7 pamoja na filta, na nyingi za umri huu zimechoka pete za pistoni, kwa hiyo zinakula oili bila kudondosha hata tone chini. Washa, acha lipate moto, kisha mtu akanyage mafuta ghafla ukiwa umesimama nyuma. Moshi wa bluu unaotoka hapo hauwezi kuelezwa kwa maneno matamu ya dalali. Halafu lipitishe kwenye barabara mbovu na redio ikiwa imezimwa, maana mlio wa "kok-kok" mbele mara nyingi ni linki za stabilaiza au bushi za mikono ya chini, vitu vya bei nafuu ambavyo ni vizuri kuvitumia kupunguzia bei.

Tazama pia usukani, mpira wa pedali ya breki na kiti cha dereva. IST nyingi za Dar es Salaam zimefanya kazi ya teksi za mtandaoni, na gari lenye kilomita 90,000 kwenye dashibodi lakini pedali iliyolika hadi chuma linajieleza lenyewe.

Sasa nije kwenye marekebisho. Mwaka wa pili wa kumiliki IST yangu niliinyanyua. Fundi mmoja aliniwekea vipande vya mpira mgumu juu ya shokapu za mbele na kwenye springi za nyuma, gari likapanda karibu inchi mbili, na kwa mwezi mzima nilikuwa natafuta sababu ya kupita mashimoni. Mwezi wa tano mpira wa jointi ya CV (kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu hata likikata kona) upande wa kulia ulipasuka, grisi ikaruka, mchanga ukaingia, na jointi ikaanza kulia kila nikikata kona. Upande wa kushoto ukafuata. Matairi ya mbele yalilika ukingo wa ndani kabla hayajamaliza mwaka. Nilipojumlisha, nilikuwa nimelipia jointi mbili, matairi mawili na kazi ya kuvitoa vile vipande, na gari likarudi pale pale lilipoanzia.

Nililokuja kujua baadaye, na ndilo linalonifanya niandike uzi huu, ni kwamba gari langu halikuwa fupi. Lilikuwa limekaa. Springi za nyuma zilikuwa zimebeba watu kwa miaka kumi na kitu, zikalegea, na upande mmoja ulikuwa chini kuliko mwingine kwa upana wa kidole. Springi mpya za kiwango chake lenyewe, pamoja na shokapu nzima, zilinirudishia urefu ambao kiwanda kilikuwa kimeshanipa, bila kuvuruga pembe ya kitu chochote. Kwa hiyo kabla hujamwambia fundi anyanyue, chukua futi ya mshonaji, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, magurudumu yote manne, gari likiwa tupu mahali tambarare. Ukikuta tofauti, unachohitaji ni matengenezo, na fedha za urembo zisubiri.

Karibuni tujadili.

#2 Mchangiaji kutoka Mwanza

Mkuu, nakushukuru kwa uzi wenye maelezo, lakini hapo kwenye kunyanyua nina neno. Mimi nina NCP61 iliyonyanyuliwa, huu ni mwaka wa tatu, ninapita njia za mawe kila siku na sijawahi kubadili jointi hata moja. Nikiwa na urefu wa kiwanda, bomba la moshi na sampo (bakuli la oili chini ya injini) vilikuwa vinapiga mwamba kila wiki. Ushauri wa kuweka springi za kiwango unamfaa mtu wa lami na matuta. Kwa sisi ambao barabara yenyewe ni jiwe, milimita chache zilizorejeshwa hazitoshi, na sidhani ni haki kumtisha kila mtu kwa sababu fundi mmoja alikosea.

#3 Mchangiaji, fundi wa miguu ya gari

Nyote wawili mnaweza kuwa sahihi, inategemea kilichofungwa na kwa kiasi gani. Niruhusuni nieleze kinachotokea kule chini.

Mbele, gari hizi zina shokapu iliyosimama ndani ya springi yake, na sehemu ya juu imefungwa kwenye bodi kwa nati. Ukiweka kipande juu ya shokapu, kati yake na bodi, unaishusha shokapu nzima chini pamoja na gurudumu. Springi haijabadilika, ulaini wa gari haujabadilika, lakini ekseli ya mbele iliyokuwa karibu na usawa sasa inateremka kwa pembe. Jointi ya CV inafanya kazi kwenye pembe hiyo muda wote, hata ukiwa kwenye lami nzuri, na mpira wake unakunjwa upande mmoja kuliko mwingine. Kwa nusu inchi hadi inchi moja hivi, jointi nzima zenye mpira mzima huvumilia. Kwa inchi mbili unaziomba zifanye kazi ambayo hazikupimiwa.

Wapo wanaosukuma mipira kati ya mizunguko ya springi. Hiyo siipendi kabisa, kwa sababu mizunguko iliyobanwa haifanyi kazi tena, mzigo wote unakwenda kwenye iliyobaki, gari linakuwa gumu kama mkokoteni na siku moja springi inakatika.

Nyuma, IST na Vitz za kuvuta mbele zina boriti moja inayounganisha magurudumu, haina ekseli ya nguvu, kwa hiyo kunyanyua nyuma ni rahisi na madhara yake ni machache. Ndiyo maana mafundi wengi huanzia huko, gari linainama mbele kama linalotafuta kitu, na taa za mbele zinamulika chini.

Ndugu yetu wa Mwanza, nina hakika ukipima utakuta chako hakizidi inchi moja, na aliyekufungia alikufanyia alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu, siku hiyohiyo. Wengi hawafanyi. Gari likinyanyuliwa, pembe za magurudumu ya mbele zinabadilika papo hapo, na bila alaimenti matairi yanalika kwa ndani kama alivyosimulia mwanzisha uzi. Urefu pia unapandisha kitovu cha uzito, na IST ambayo ina tani moja hivi na upana mdogo itakujulisha hilo siku utakapokwepa bodaboda ukiwa kasi ya 80.

#4 Mchangiaji kutoka Mwanza

Nimepima, fundi. Ni sentimita mbili na nusu, na alaimenti ilifanyika. Nimekubali.

#5 Mchangiaji kutoka Mombasa

Hamjambo ndugu zangu. Huku kwetu Kenya hamtaona IST za 2004 zikiingia bandarini, kwa kuwa sheria inazuia gari lililopitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Zilizoko ni zile zilizoingia zamani, na anayeagiza leo anachagua kati ya Vitz za karibuni, Fit, Demio na Note. Swali langu ni juu ya CVT. Nilinunua Fit ya zamani mkononi, na ilikuwa ikitikisika kila inapoanza kuondoka. Fundi wa kwanza aliitilia oili ya kawaida ya giaboksi otomatiki, akisema oili ni oili, na mtikisiko ukawa mbaya zaidi. Je, hizo NCP110 nazo zina tabia hii?

#6 Mwanzisha uzi

Pole sana, ndugu yangu. Oili si oili, na kauli hiyo imeua giaboksi nyingi. NCP110 inataka oili ya CVT ya Toyota, na NCP60 na NCP61 zenye gia nne za kawaida zinataka ile iitwayo T-IV. CVT inasukumana na mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na msuguano wa mkanda huo unategemea oili yake, kwa hiyo ukiweka nyingine mkanda unateleza na kujikwangua. NCP110 ikitunzwa ni gari tamu na tulivu kuliko yangu. Mimi kwa mkononi bado namshauri mdogo wangu achukue ya gia nne, kwa sababu moja tu: siwezi kujua mwenyewe wa kwanza alimimina nini humo ndani, na gia nne husamehe zaidi.

Kuhusu kuagiza, kwetu hakuna katazo la miaka minane, lakini umri unalipiwa. Kwa viwango ambavyo vimedumu miaka mingi, gari dogo lenye zaidi ya miaka kumi hubeba nyongeza ya asilimia 30 kwa ajili ya uchakavu, lenye miaka minane hadi kumi hubeba asilimia 15, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Lisilozidi cc 1000 husamehewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, na hiyo ni hesabu nyingine inayoibeba Passo. Kikokotoo cha TRA, mamlaka yetu ya mapato, kipo mtandaoni, mtu aingize gari lake mwenyewe kabla ya kusikiliza mahesabu ya dalali. Kwa milioni 11, hesabu ilinirudisha kwenye magari ya mkononi yaliyokwisha kusajiliwa nchini kwa namba za herufi D.

Anayeagiza aombe karatasi ya mnada na asome herufi zake. R au RA maana yake gari lilishagongwa likatengenezwa, na S kwenye mchoro wa bodi ni kutu. Gari lililoishi Hokkaido, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, linaweza kung'aa juu huku chini likiwa limeliwa.

#7 Mchangiaji, dada wa Kinyerezi

Mkuu, umeanza na Vitz nyekundu yenye rimu za inchi 17 halafu ukaiacha njiani. Mimi ninayo Vitz SCP90, na muuza rimu ananihakikishia kwamba za 17 zitaliinua gari. Ni kweli? Na redio yangu ya Kijapani haishiki stesheni karibu zote, nifanyeje?

#8 Mwanzisha uzi

Dada yangu, tupige hesabu pamoja. Tairi lako la kawaida ni 165/70R14. Upana ni milimita 165, ukuta wake ni asilimia 70 ya hapo, yaani milimita 115.5, na kipenyo chote cha gurudumu ni karibu milimita 587. Rimu ya 17 kwenye gari hilo kwa kawaida huvishwa 205/40, ambayo ukuta wake ni milimita 82 na kipenyo chote karibu milimita 596. Umeinuka chini ya nusu sentimita, na umetoa sentimita tatu na zaidi za mpira uliokuwa unakulinda na shimo. Barabara ya Kinyerezi itakupindishia rimu hizo kabla hujamaliza kuzilipia. Ukitaka kuboresha, baki na rimu za 14 uvae 175/70: unapanda milimita saba, ukuta unafika 122.5, na mshale wa kasi utadanganya kwa takriban asilimia 2 tu. Kagua kwamba tairi haligusi bodi ukikata usukani hadi mwisho.

Na wanaobadilishana rimu wakumbuke kwamba Vitz hizi na IST ya kwanza zina nati nne, ilhali IST mpya ina nati tano. Nimeona mtu amenunua seti nzima Kariakoo akarudi nayo.

Redio ni jambo dogo. Japani FM ilikuwa kati ya 76 na 90, na sisi stesheni zetu zinafika 108. Kuna kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa, lakini namba utakazosoma hazitalingana na za stesheni, na sauti hupungua usafi. Kubadili redio nzima ni bora, mradi anayefunga atumie soketi badala ya kukata waya za gari.

#9 Mchangiaji, fundi wa miguu ya gari

Naongeza moja ambalo si la miguu. Msimwache mtu abadili usukani wa kiwanda kwa ule mdogo wa michezo, wala asichomoe taa ya airbag kwenye dashibodi ili isiwake. Ukiweka swichi, taa hiyo lazima iwake sekunde chache kisha izime, na isipowaka kabisa ujue imefichwa. Vitz za kizazi cha pili zimo kwenye magari yaliyoitwa kurudishwa kwa sababu ya airbag za Takata, ambazo kemikali yake ya kupuliza huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha hulipuka na kurusha vipande vya chuma. Tunaishi pwani, joto na unyevu ndio hewa yetu. Namba ya chesisi ikaguliwe kwenye tovuti ya Toyota ya Japani.

Na zile balbu nyeupe kali ndani ya taa iliyotengenezwa kwa halojeni hazimuliki mbali zaidi, zinatawanya mwanga na kumpofusha anayekuja. Kioo kilichofifia kikisuguliwa vizuri hurudisha mwanga mwingi kuliko balbu hizo.

#10 Mwanzisha uzi

Mrejesho, baada ya wiki tatu.

Passo ilishauzwa tulipofika. Ile IST ya fedha tuliipandisha kwenye shimo la gereji kwa ajili ya kumridhisha kijana, na mipira ya jointi zote mbili za mbele ilikuwa imepasuka, tena mmoja ulikuwa umefungwa kwa waya. Muuzaji alisema ni jambo la dakika kumi. Mdogo wangu alinyamaza njia nzima ya kurudi.

Amenunua NCP60 ya mwaka 2005, bluu iliyofifia, kwa milioni 9 na laki nne, kutoka kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa na daftari la kila mara alipobadili oili. Upande wa nyuma kulia ulikuwa chini kwa milimita 14. Tumebadili springi na shokapu za nyuma, linki mbili za stabilaiza, oili ya injini na filta, plagi nne, oili ya giaboksi, na matairi mawili, yote kwa jumla ya milioni 1 na laki moja pamoja na ufundi. Baada ya kazi hiyo nilipima tena, na pande zote mbili zikalingana. Kilichobaki ni cha bima na kubadili jina kwenye kadi.

Rimu bado anazitaka. Tumekubaliana zisizidi inchi 15, za nati nne, na si mwaka huu. Sampo gadi tunafunga Jumamosi.